Ripoti ya maabara ni somo: ushauri kwa kampuni ndogo zinazouza asali nje

Kampuni ndogo za asali za Tabora, Singida na Katavi hazikosi semina. Kinachokosekana mara nyingi ni njia ya kuyatoa maarifa kichwani mwa aliyehudhuria na kuyafikisha mikononi mwa mrina asali porini. Mwaka 1990 watafiti Cohen na Levinthal walieleza kwamba kampuni hufyonza maarifa mapya kwa kadiri ya yale iliyo nayo tayari. Katika asali jambo hilo linaonekana wazi: usipopima maji ya asali yako mwenyewe, ushauri wa mnunuzi wa Ujerumani kuhusu maji hutaufanyia kazi.

Basi anzeni na ripoti ya maabara. Mwombeni mnunuzi ripoti nzima, msiridhike na jibu la "imepita" au "imekataliwa". Someni mistari mitatu kwanza. Maji: Umoja wa Ulaya unataka yasizidi asilimia 20 kwa asali ya kawaida. HMF, kemikali inayoongezeka asali ikipata joto au ikikaa muda mrefu: mwisho ni miligramu 40 kwa kilo, ila asali iliyotajwa wazi kuwa imetoka ukanda wa tropiki inaruhusiwa hadi 80. Diastesi, kimeng'enya kinachokufa kwa joto: kwa kawaida isipungue 8 kwa kipimo cha Schade, kinachopima nguvu ya kimeng'enya hicho. Asiyeijua hiyo 80 hukubali kupunguziwa bei kwa asali yenye HMF 55, ambayo ikitajwa kuwa ya tropiki kisheria ni halali kabisa. Wanunuzi wengine huandika 40 kwenye mkataba, na hapo mkataba ndio unaoshika. Usomeni kabla ya kusaini.

Kila namba ina chanzo chake. Maji yakizidi, masega yamerinwa mabichi kabla nyuki hawajayafunika kwa nta, au ndoo zimeachwa wazi msimu wa mvua. HMF ikipanda, kuna mtu ameyeyusha asali iliyoganda juu ya moto, au mapipa yamekaa juani. Kwa nyuzi 70 asali inaweza kuvuka 40 ndani ya saa chache. Kwa nyuzi 40 inachukua wiki kadhaa. Yeyusheni kwa kuweka ndoo ndani ya maji ya nyuzi 40 hadi 45, kwa subira. Harufu ya moshi haimo katika mistari hiyo mitatu, lakini mnunuzi huikataa asali kwa kunusa tu.

Kosa linaloziumiza kampuni nyingi hutokea wakati wa kumimina. Pipa la kilo 300 hupokea ndoo kumi hivi za lita 20, kila moja ikiwa na kilo 28 au karibu. Ndoo sita zikiwa na maji asilimia 19 na nne zikiwa na 22.5, pipa zima linakuwa na 20.4 na limekataliwa, na zile sita nzuri zimepotea humo. Kwa hiyo pimeni kila ndoo kwa refraktomita, kifaa kidogo cha kupima maji ya asali, kabla haijamiminwa. Andikeni kwenye daftari namba ya ndoo, mrina, kijiji, tarehe ya kurina na asilimia ya maji, kisha namba ya pipa ilikoingia. Daftari hilo ndilo linaloigeuza barua ya malalamiko kutoka Ulaya kuwa safari ya kwenda kijiji kimoja kinachojulikana.

Bei nayo lazima ibadilike. Mrina anayelipwa kwa kilo tu atarina mapema, maana sega bichi lina uzito. Wekeni bei ya juu kwa asali iliyo chini ya 19, kataeni inayozidi 20, na mpimieni mbele yake aione namba. Semina tatu kuhusu sega lililokomaa haziwezi kushindana na bei inayosema kinyume.

Kuhusu watu: tafuteni angalau mmoja anayeielewa ripoti, kwa mfano mhitimu wa Chuo cha Ufugaji Nyuki Tabora. Kwenye mafunzo pelekeni wawili, mwenye kampuni asiende peke yake, kwa sababu mmoja akiacha kazi maarifa yanabaki. Ndani ya wiki moja waandike ukurasa mmoja: nini kinabadilika, nani anafanya, kuanzia lini. Jaribuni na kikundi kimoja cha warina kabla ya kueneza.

Fuatilieni pia mabadiliko ya sheria. Kuanzia tarehe 14 Juni 2026, kanuni mpya za Umoja wa Ulaya zinataka lebo ya asali iliyochanganywa itaje nchi ilikotoka pamoja na asilimia zake. Mchanganyaji atahitaji ushahidi wa asili ya kila pipa, na mwenye daftari la ndoo anao tayari.

Mwisho, katika kila pipa tengeni sampuli ya gramu 500 kwenye chupa safi iliyofungwa kwa lakiri, yenye namba ya pipa, ikae gizani penye ubaridi hadi malipo yote yaingie. Matokeo yakibishaniwa, pelekeni chupa hiyo kwenye maabara nyingine.