Mleta mada, kabla hujaagiza hiyo saladi uliza sosi

Mkuu, simama hapo hapo.

Umesema kazi mpya inakulazimisha kula mgahawani na wateja karibu kila jioni, daktari amekuambia presha imeanza kupanda na kolesteroli haijakaa vizuri, na mpango wako ni kutokula mchana kisha jioni kuagiza saladi kubwa "ili niwe salama". Halafu ukauliza kuhusu vinywaji, vitamu vya mwisho, bufee, na namna ya kujizuia bila kuwaudhi wateja. Waliotangulia kukujibu wamekupigia makofi. Mimi sipigi. Mpango huo nimeuishi na najua unakoishia.

Mimi niliupata kwa mshauri wa lishe, na nilimlipa. Aliniandikia kwenye karatasi: ukila nje, saladi, kula ushibe. Hakuniuliza saladi za ninakokula zinawekwa nini. Basi nikawa mtu wa saladi. Wenzangu wakiletewa nyama na viazi, mimi naletewa bakuli la majani, juu yake kuku wa kukaanga, jibini, vipande vya mkate vilivyokaangwa, na sosi nyeupe nzito iliyomwagwa mpaka kila jani linang'aa. Nilikula hivyo kwa muda mrefu huku nikijinyima vitu ninavyovipenda. Nilipopimwa tena, presha ilikuwa juu kuliko mwanzo, kolesteroli nayo juu, na uzito umeongezeka. Daktari alinitazama kama mtu anayemficha jambo. Sikuwa namficha kitu, nilikuwa nafuata karatasi neno kwa neno.

Tupige hesabu ambayo yule mshauri hakuipiga. Majani hayana kosa. Gramu 200 za letasi, ambazo ni sahani iliyojaa, zina kalori 30 hivi, maana karibu zote ni maji. Sasa weka sosi, tena ile inayoitwa nyepesi, ya mafuta na siki. Kipimo chake cha jikoni tangu zamani ni sehemu tatu za mafuta kwa moja ya siki. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta, yawe ya zeituni au ya alizeti, ni kalori kama 120. Mpishi akikuwekea vijiko vinne vya sosi hiyo, vitatu ni mafuta matupu: kalori 360 juu ya majani ya kalori 30. Gramu 30 za jibini gumu zinaongeza kama 120 nyingine. Kuku wa kukaanga bado hatujamgusa. Na ukihamia kwenye sosi nyeupe usidhani umepata nafuu, kwa sababu nyingi msingi wake ni mayonizi, na mayonizi ya kawaida ni mafuta kwa zaidi ya theluthi mbili ya uzito wake.

Hiyo ni kalori tu. Wewe una presha, kwa hiyo chumvi ndiyo inayoniumiza roho nikisoma mpango wako. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani pungufu kidogo ya kijiko cha chai, na hapo ni chumvi ya kutwa nzima, pamoja na iliyo ndani ya mkate na jibini. Kijiko kimoja cha chakula cha sosi ya soya peke yake kina zaidi ya gramu 2. Mji wa New York ulianza mwaka 2015 kuzitaka kampuni kubwa za migahawa ziweke alama ya kichupa cha chumvi kwenye menyu, pembeni ya chakula chochote chenye miligramu 2,300 za sodiamu (iliyomo ndani ya chumvi; hapo ni chumvi gramu 6 hivi) au zaidi. Hiyo ni sahani moja yenye chumvi ya siku nzima, na zipo za kutosha hadi mji ukaona haja ya kutunga sheria.

Yule mshauri alipaswa kuyajua haya. Ndiyo kazi yake. Mtu anayechukua hela ya mgonjwa wa presha halafu anamwandikia "saladi, kula ushibe" bila kutaja sosi, amemuuzia mbuzi kwenye gunia. Nilipomrudia na majibu ya vipimo aliniambia sikuwa na nidhamu. Nidhamu! Mimi niliyekuwa natazama sahani za wenzangu huku natafuna majani! Maneno hayo yaliniuma kuliko vipimo vyenyewe, ndiyo maana nikiona mtu anaelekezwa njia ile ile siwezi kupita kimya.

Kwa hiyo kanuni ninayokuachia ni moja: SOSI PEMBENI. Kila mlo, kila mgahawa. Mwambie mhudumu wakati unaagiza, kabla mpishi hajaanza: "Naomba sosi kwenye kibakuli chake, isimwagwe juu." Saladi ikija imeshamwagiwa, irudishe kwa upole. Usiseme "basi leo tu", kwa sababu wewe unakula nje kila jioni na hiyo leo haitaisha. Ikija pembeni, usiimwage mwenyewe. Chovya ncha za uma kwenye sosi kwanza, ndipo uchome majani. Ladha utaipata kila tonge, na mwisho wa mlo utakuta sehemu kubwa ya sosi imebaki kwenye kibakuli. Sikuambii uikwepe kabisa. Mafuta kidogo yanausaidia mwili kufyonza vitamini E na K zilizomo kwenye majani, hata ile rangi ya karoti ambayo mwili huigeuza vitamini A. Ninachotaka ni kipimo kiwe mkononi mwako, kitoke mkononi mwa mtu wa jikoni ambaye kazi yake ni kuhakikisha unarudi kesho.

Na usidhani hii ni habari ya saladi peke yake. Neno "kuchoma" kwenye menyu linakueleza juu ya moto tu. Halikuelezi alichopakwa samaki, na jikoni nyingi humalizia kwa siagi ili ang'ae. Mboga za mvuke nazo hutoka kwenye mvuke safi, kisha zikageuzwa kwenye siagi na chumvi kabla ya kufika mezani. Uliza: "Mnaipaka nini mwishoni?" Mhudumu asiyejua ataenda kuuliza jikoni. Ukikuta menyu yenye kalori, na Marekani tangu 2018 kampuni zenye matawi 20 au zaidi zinalazimika kuziandika, angalia kama sosi imehesabiwa humo au imeandikwa kivyake.

Wateja wako hawataona kitu. Wanaona umeagiza chakula na unakula nao. Anayekataa kila kinachopita ndiye anayegeuka mazungumzo ya meza.

Vinywaji: maji. Soda ya mililita 330 huwa na sukari kama gramu 35, na juisi isikudanganye, Shirika la Afya Duniani linaihesabu sukari yake pamoja na ile ya kuongezwa.

Kushinda njaa mchana uache, hasa kama umeanzishiwa dawa yoyote. Muulize kwanza aliyekuandikia. Hata usiye na dawa, ukifika mezani na njaa ya kutwa utamaliza mkate na siagi kabla menyu haijafunguliwa, na hiyo siagi ni sosi kwa jina lingine. Bufee ni hivyo hivyo: chukua vilivyo vikavu, sosi weka pembeni ya sahani.

Kuna mahali utaambiwa haiwezekani, sosi imepikwa pamoja na chakula. Hapo usibishane. Muulize mhudumu kipi kwenye menyu kinatengenezwa mtu akishaagiza, maana hicho bado kinaweza kubadilishwa: samaki, kipande cha nyama, mayai. Agiza hicho, na limau la kukamulia. Na kama kilichopikwa na sosi ndicho pekee kilichopo, kitoe kipande kwa uma, kiache kichuruzike, hamishia upande mkavu wa sahani. Mkate wa kufutia kilichobaki mwambie mhudumu auondoe mezani mapema.