Usikubali Fundi Ang'oe Thamostati

Gari likichemsha tu, mafundi wengi wa mtaani wana dawa moja: wanang'oa thamostati. Utaambiwa kifaa hicho ni cha nchi za baridi, huku kwetu hakina kazi. Mimi naendesha Toyota ndogo, mara nyingi Dar hadi Mbeya, na nakwambia ndugu yangu, kataa.

Thamostati ni mlango. Injini ikiwa ya baridi unajifunga, maji yazunguke ndani ya injini tu mpaka yapate moto. Kwenye Toyota nyingi ndogo huanza kufunguka maji yakifika nyuzi 80 hadi 84. Ukiing'oa, injini inachelewa kupata joto, kompyuta inaendelea kuongeza petroli kana kwamba umewasha sasa hivi, na oili haipati joto la kukausha unyevu. Kuna jambo jingine ambalo halisemwi sana gereji. Baadhi ya thamostati zina kisahani cha pili mkiani, cha kuziba njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Ukiitoa hiyo, njia inabaki wazi na sehemu ya maji ya moto inarudi vilevile. Gari lililong'olewa thamostati "lisichemshe" linachemsha kwenye mlima wa Kitonga, njiani kwenda Mbeya.

Kuipima ni kazi ya jikoni. Ifunge uzi, ining'inize kwenye sufuria ya maji isiguse chini, washa jiko. Maji yakikaribia kuchemka utaona kisahani kinasogea polepole, kikiacha mwanya wa karibu milimita 8. Itoe, ikipoa ijifunge yenyewe. Isiposogea, au ikibaki wazi, nunua nyingine. Wakati wa kuifunga kwenye injini, kile kipini kidogo kinachochezacheza kikae juu, ndipo hewa inapotokea.

Tena, mara nyingi tatizo haliko hapo kabisa. Mimi huanza na mfuniko wa rejeta. Ule wenye alama ya presha 1.1 ukishika vizuri, hata maji matupu hayachemki mpaka yakaribie nyuzi 120; mpira wake ukichanika, yanachemka kwenye 100 na kumwagika. Kisha angalia feni, na maji yenyewe. Maji ya kisima chenye chumvi huacha ukoko kwenye mirija myembamba ya rejeta. Weka kulanti, yale maji maalumu ya rejeta, kwa sababu inazuia kutu na kulinda silinda hedi (kichwa cha injini) ya aluminiamu, iwe nchi ya baridi au ya joto.

Mshale wa joto ukipanda ukiwa mlimani, zima AC, washa hita mpaka mwisho ivute joto la injini, hata kama utatoka jasho, kisha tafuta pa kuegesha. Mfuniko usiuguse mpaka hozi ya juu ya rejeta ishikike kwa mkono mtupu. Ukiufungua mapema, presha inatoka ghafla na maji yanaruka kama mvuke usoni.