Maswali ya wasomaji: Kaka hakurudi kutoka porini, siri niitoe lini?

SWALI: Dada shikamoo. Naandika riwaya, ya kutunga ila imeanzia kwenye stori za kwetu Liwale. Kaka na mdogo wake wanaingia pori la Selous kurina asali, anarudi mdogo peke yake, mwili hauonekani mpaka leo. Ukweli hawakufata asali, walifata pembe za ndovu, na kaka aliachwa kule akiwa bado anapumua. Siri hiyo nimeitoa sura ya pili, rafiki yangu kasoma anasema hamu imemuisha hapohapo. Niifiche mpaka mwisho? Alafu mi nimekulia Temeke, pori nimeliona kwenye simu tu.
Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Usiifiche mpaka mwisho, msomaji atajiona kachezewa. Shida sio sura ya pili, shida siri umempa msimuliaji aiseme wakati ndani ya nyumba kuna mtu anaeishi nayo, nae ni mke wa huyo kaka, ambae kwenye barua yako hujamtaja hata mara moja, nimeisoma mara tatu namtafuta.

Mfikirie. Mume akifa mke anakaa eda miezi minne na siku kumi, anajua siku ya kuingia na siku ya kutoka. Huyu wa kwake hajafa, hajarudi, sasa eda aanze lini? Wazee wanasema tusubiri, shekhe anasema tusubiri, tanga haliwezi kuanuliwa maana halijawekwa, na kila jioni anapakua sahani moja ya ziada anaifunika na kawa, asubuhi anawapa watoto kiporo. Na unga unaopikwa analeta nani? Shemeji. Anauweka kizingitini anaondoka, chakula cha nyumba ile hagusi hata abembelezwe vipi. Hapo msomaji keshaanza kunusa na wewe hujasema kitu.

Sasa nikupe jambo moja dogo. Mrina asali akitoka porini ananuka moshi wa kienge, mikono imevimba kwa nyuki, shati limeganda nta. Shemeji karudi, kila mtu analia, mwanamke kachukua shati lake kwenda kulifua, kalitia kwenye beseni, halina moshi wala nta. Kajua siku ileile! Na akanyamaza, kwasababu watoto wake wanakula kwa mkono wa huyo huyo aliemuacha baba yao. Kwangu mimi hiyo ndo siri ya riwaya yako. Kilichotokea porini unaweza kukisema mapema tu, ila kwamba yeye alijua miaka yote hiyo akaendelea kupokea unga, hilo ndo ulicheleweshe.

Kuhusu pori, simba punguza. Miaka ya 1940 Waingereza waliwahamisha watu wengi wa upande wa Liwale, sababu waliyoitoa ni malale, ule ugonjwa unaoenezwa na ndorobo, na ardhi yao ikaja kuwa hifadhi. Kwahiyo tunaposema pori mle ndani kuna mahame, kuna makaburi ya watu ambao wajukuu zao wako hai. Huyo kaka anaweza kuwa kaachwa kwenye hame la babu zake mwenyewe, chini ya mwembe uliopandwa na mtu wa ukoo wake, na mdogo mtu anaujua mwembe huo kabisa.

Mwaka pia uchague vizuri. Ukiweka 1989 unaipata Operesheni Uhai, jeshi na polisi waliingia maporini kusaka majangili, ndovu walikua wameuliwa vibaya mno. Shemeji akisema tu kaka kaumia sehemu fulani twendeni tukamchukue, swali la pili ataulizwa walikua wanafanya nini kule. Ana uoga wa kweli, na mi namuonea huruma hata yeye, usimfanye shetani.

Nauli ikipatikana nenda Liwale kiangazi, masika barabara zinasumbua. Usiwaulize wazee habari za ndovu, watafunga midomo. Waulize asali inarinwaje, kaa usikilize, mengine yatakuja yenyewe.

Sura ya pili ianzie kwenye lile beseni. Ukimaliza nitumie niisome.