Weka chini mkasi kwanza! Kuhusu ile Weird Tales ya 1937

Mkuu, umesema binamu yako kakuletea Weird Tales ya 1937, lile jarida la hadithi za kutisha, toka Marekani, jalada lake limechorwa na Margaret Brundage, na wikiendi hii unaling'oa, unalipiga laminesheni, unalitundika sebuleni. Halafu ukauliza kwa nini michoro hii ya kutisha inavuta macho hivi. Tuanze na mkasi.

Mimi nilikuwa nalo la 1936. Nikalipeleka duka la steshenari, kwa jamaa wa fotokopi. Akaligeuzageuza, vidole vina mafuta ya chipsi, akasema, "Bosi, hili tukilipiga laminesheni linadumu milele." Milele! Na mimi, mtu mzima na akili zangu, nikaitikia.

Majarida yale jalada limegundishwa mgongoni, juu ya pini zilizopigwa ubavuni kupenya kurasa zote. Ukivuta, mgongo haukubali kuja mzima. Jamaa akavuta. Jina la jarida pale mgongoni likabaki vipande mezani, naye akavipangusa kwa kiganja akidhani ni uchafu. Kisha mashine. Ile plastiki hushika kwa moto, na karatasi ilishakauka zaidi ya miaka 80. Likaingia upande, likajikunja humohumo, likatoka na mkunjo uliompita mwanamke aliyechorwa jaladani katikati ya uso. Ubandue plastiki? Wino unakuja nayo. Kurasa za ndani nazo, zile za massa ya mbao yenye asidi, zilipokosa jalada zikaanza kumeguka kila nikizigusa. Mtu aliyekuwa analitaka nilimtumia picha, akajibu neno moja: "Pole." Shemeji yangu akija nyumbani anauliza hiyo menyu ni ya hoteli gani.

Na yule jamaa alinitoza hela ya laminesheni. Kamili.

Kwa hiyo: ukutani inakwenda nakala, lenyewe linakaa gizani. Liskani, chapisha A3 kwenye karatasi nzuri, hiyo ndiyo uitie fremu, jua liichome linavyotaka. Lenyewe liingize kwenye mfuko wa plastiki angavu ya poliesta (siyo ile plastiki ya PVC inayonuka), nyuma weka kadibodi isiyo na asidi, ulilaze bapa mbali na joto. Kama uko Tanga au Dar, ogopa na unyevu.

Mvuto? Brundage alichora kwa chaki za pasteli, pale Chicago, kwa dola 90 jalada moja. Mhariri wake, Farnsworth Wright, alisema walikuwa wanaogopa hata kupiga chafya wakiwa na mchoro wake, usije ukageuka wingu la vumbi. Ndiyo maana ngozi za watu wake zinaonekana za moto kabisa ilhali giza la nyuma halina ukingo. Tazama la Oktoba 1933, mwanamke mwenye barakoa ya popo: hakuna damu, hakuna jitu, macho tu, na bado unajikuta unakagua kama mlango umefungwa. Wenye mchoro waliogopa chafya, sisi tunapeleka jalada kwenye mashine ya moto!

Piga picha ya mgongo na zile pini, kama zimeshika kutu, uweke hapa kabla hujagusa chochote. Na binamu akikushauri selotepu, mkatie simu.