Jibu: Amoksisilini ya unga inashuka chini ya alama

Habari dada wa Kondele. Unasema ukijaza maji kwenye chupa ya amoksisilini ya unga, ile dawa ya kuua bakteria, hadi alama ya chupa, ukitikisa na chupa ikatulia, dawa inashuka chini ya alama. Angalia povu kwanza. Hapa Nakuru mimi hugonga chupa mpaka unga ulioshikana chini uachane, natia maji yaliyochemshwa yakapoa, kama nusu hivi, natikisa kwa nguvu, kisha nasubiri povu liishe kabisa ndipo niongeze hadi alama. Chupa ikae mezani, macho usawa wa alama. Maji yakipita alama, tafadhali usimpe mtoto, ile nguvu ya dawa ya miligramu 125 kwa mililita 5 haipo tena, fungua nyingine. Siku za kutumia fuata lebo, na umwandikie mama wa mtoto tarehe ya kutupa dawa.