Feriti ikikupa ukinzani wa ajabu, uliza kwanza ilichomwaje

Swali ninaloulizwa sana na wanaoanza kazi ya feriti ni hili: vidonge viwili vimetoka kwenye unga mmoja, fomula ni ileile, mbona kimoja kinapitisha umeme mara mia kuliko kingine? Nami huwauliza: vilichomwaje?

Feriti ya nikeli na zinki ni kauri ya sumaku yenye oksidi ya chuma, na mpangilio wa atomi zake huitwa spineli. Metali zimejibanza katikati ya ayoni za oksijeni, nyingine zikizungukwa na oksijeni nne, nyingine sita. Zinki hupenda nafasi za nne, nikeli za sita, chuma kinakaa kotekote. Umeme haupiti humo kama kwenye waya wa shaba. Elektroni huruka kutoka chuma chenye chaji mbili kwenda chuma chenye chaji tatu, hasa kwenye nafasi za sita. Hicho cha chaji mbili, hata kikiwa kiduchu, ndicho kinachoushusha ukinzani. Nacho hukioni kwenye fomula, kwa sababu kinazaliwa tanurini.

Mkorofi ni zinki. Joto likipita nyuzi 1200 hivi kwa saa nyingi, zinki huanza kutoroka kama mvuke usoni mwa kidonge, oksijeni nayo inapungua, na sehemu ya chuma inashuka chaji. Ukipoza ghafla, hali hiyo inabaki humohumo. Ukipoza polepole hewani, oksijeni hurudi, na hupita kwanza kwenye mipaka ya chembe, ikiacha utando mwembamba wenye ukinzani mkubwa. Mimi hupoza polepole, na vidonge huvifukia kwenye unga wa feriti ileile ili zinki isipotee. Ila usiihamishie mbinu hii feriti ya manganizi na zinki: ikipozwa hewani, hematiti (oksidi ya chuma) hujitenga ndani yake. Hiyo inataka nitrojeni yenye oksijeni kidogo, tena iliyopimwa.

Utando huo ndio unaowapa watu kipimo cha dielektriki (uwezo wa kuhifadhi chaji) cha maelfu kwenye masafa ya chini ya umeme wa kupimia, wakashangilia. Mtafiti Koops alilieleza jambo hili mwaka 1951: chembe zinazopitisha umeme, zikitenganishwa na tabaka jembamba lisilopitisha vizuri. Kwa hiyo pima masafa mengi. Ya chini yanakusimulia habari za mipaka, ya juu habari za chembe zenyewe. Namba moja peke yake siiamini.

Kwenye mchoro wa eksirei, ukitumia mrija wa eksirei wa shaba, kilele kikubwa cha spineli kinakaa karibu na digrii 35.5. Macho yangu hukimbilia 33 kwanza, maana hapo ndipo hematiti hujitokeza. Kadiri unavyoongeza zinki, ukubwa wa kimiani (kipande cha mpangilio wa atomi kinachojirudia) unatakiwa ukue kutoka angstromu 8.34 hivi kuelekea 8.44, usipokua, kuna zinki haikuingia au imetoroka. Na tafadhali, kipimo cha Scherrer, yaani ukubwa wa fuwele unaokadiriwa kutokana na upana wa kilele, si ukubwa wa chembe unazoziona kwenye hadubini ya elektroni. Hili nimechoka kulisahihisha.

Kabla ya kupaka rangi ya fedha ya kupitishia umeme wa kupimia, sugua nyuso zote mbili kwa msasa, kwani ngozi iliyopoteza zinki haifanani na ndani. Kisha kikaushe kidonge kwa joto la juu kidogo ya nyuzi 100 na ukipime kingali kikavu: vinyweleo vyake hunywa unyevu wa hewa, na ukinzani huporomoka bila feriti kuwa na kosa lolote.