Mmeuliza kisiwa gani, mi nasema Msangamkuu (hata kama sio kisiwa)

Swali lenu la wiki hii, "Ukipewa wikiendi moja na nauli ya kwenda na kurudi, utaenda kupumzika ufukwe wa kisiwa gani?", nilitaka nilipite tu, ila zile chaguo mlizoweka ndo zimeniudhi. Zanzibar, Pemba, Mafia, "kwingineko". Yani sisi wa kusini ndo kwingineko. Gesi ya huku inafika Dar kwa bomba tangu 2015, korosho zetu mnatafuna kila harusi, Kilwa Kisiwani iko kwenye urithi wa dunia toka 1981, ila ikija habari ya kupumzika tunakuwa kwingineko.

Haya, andikeni Msangamkuu, ng'ambo ya mji wa Mtwara. Najua watu wa Shangani ya hapa Mtwara mtaanza, we dada hiyo ni rasi, imeungana na bara kule nyuma. Sawa. Nani anazunguka huko nyuma? Ukiwa mjini unateremka mpaka kivukoni feri, unapanda pantoni au mtumbwi, unakatiza mlango wa bandari ule ule unaopita meli, muda mfupi tu umeshakanyaga mchanga. Kitu nakifikia kwa maji, kwangu mimi ni kisiwa.

Sasa aibu yangu. Nimezaliwa mjini Mtwara, nimekua naiona minazi ya ng'ambo kila siku, na mara ya kwanza navuka kwenda kutembea tu, bila msiba wala harusi, nilikuwa na miaka 29. Tena nilivuka kwa sababu binamu yangu alitoka Dar na mchumba wake, wanataka picha. Mi nadhani mngeuliza hilo, kwa nini sie wenyeji hatuendi mpaka aje mgeni.

Bibi akasema na yeye anakwenda. Bibi kazaliwa kule, kaolewa mjini, na tangu kaka yake azikwe hakuwa amevuka. Akatoka na doti mpya ya khanga, kandambili mkononi, na ndoo ndogo yenye mfuniko. Namuuliza ndoo ya nini bibi, ananiambia "we mke mwenzangu twende, usiniulize maswali ya polisi."

Tukafika upande wa bahari kuu kama saa tatu, tukatandika, tukatoa ming'oko, vile viazi pori vya kwetu, na chumvi ya pilipili, binamu akaanza mapozi. Ilikuwa bamvua, mwezi mpevu, sa mnajua bamvua ya kwetu, maji yakitoka yanatoka kweli kweli, tofauti ya kujaa na kupwa inapita mita 3. Kufika saa nne yule mchumba anauliza, jamani, bahari imeenda wapi? Tumecheka mpaka tukamsahau bibi. Kugeuka, bibi hayupo.

Tumemtafuta kwenye minazi, tumeuliza kwenye nyumba za jirani, binamu kaanza kulia kwamba tutamwambia nini mama. Mtoto mmoja ndo akatuonyesha kwa kidole kule mbali kwenye mwamba, akina mama wanne wameinama. Mmoja wao ana khanga mpya kaifunga kiunoni kama shuka la shamba. Nikatembea kule pekupeku, mwamba unakata, nafika namkuta kashika mkonjo wa kuazima, ile fimbo ya kuvulia pweza, anachokoa tundu, hata haniangalii. Mlangoni mwa tundu kuna magamba ya chaza yamerundikana, ndo dalili pweza mwenyewe yumo. Akachokoa, akasubiri, akachokoa tena, mkono mmoja ukatoka ukauzunguka mkonjo taratibu kama mtu anayepapasa kitasa gizani. Hapo bibi akavuta, akamgeuza kichwa mara moja tu, kwisha. Mwanamke wa miaka sabini na kitu ambaye nyumbani tunamshika mkono kushuka ngazi.

Akaniambia kwa sauti ya chini tundu lile kaonyeshwa na mama yake, na kila akiondoka mmoja anahamia mwingine. Nikatoa simu. Akanipiga kofi la mkono, nusura simu iende majini. "Usipige hapo. Piga baharini huko."

Nimelifikiria lile kofi tangu nianze kuandika hapa, na hasira ya kuitwa kwingineko imepungua, sijui imeenda wapi. Maana na sisi siku ile tulipoondoka, mifuko yetu na chupa tatu za soda zilibaki pale chini ya mnazi, nilikumbuka tukiwa kwenye mtumbwi, pweza yuko ndani ya ndoo kwenye mapaja ya mchumba anauliza kila baada ya dakika kama amekufa kweli. Sisi watu wanne tu hao. Mkituweka kwenye orodha wakaja mia nne je? Ingawa wauza madafu wa kule wangefurahi, na vijana wenye mitumbwi pia, siwezi kuwasemea.

Kwa hiyo kura yangu niwekeeni Zanzibar. Sijawahi kufika hata siku moja, na nasikia wao wageni wameshawazoea. Ila mtu akiwa yuko Mtwara kwa mambo yake avuke tu, asikatazwe, aangalie mwezi kwanza ili asije kushangaa bahari imeenda wapi, na arudi na chupa zake. Akikuta bibi kainama kwenye mwamba ampe shikamoo kwa mbali, simu abaki nayo mfukoni.